Rivolva za zamani zinazogombaniwa na wakusanyaji: naanza na Walker, wabishi karibuni

Mzee_wa_Silinda (mleta uzi)

Wakuu salaam. Juzi kwenye uzi wa saa za kale kuna kijana aliniuliza: inakuwaje rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) moja ya mwaka 1847 inauzwa kwa pesa ya kujenga mtaa, na nyingine ya miaka hiyo hiyo, inayofanana nayo kabisa kwa macho ya mtu wa kawaida, inazungushwa mnadani mpaka anayeinadi anaona aibu? Nikamwambia hilo halijibiki kwa mistari miwili. Vuteni viti.

Naanza na Colt Walker, na sioni wa kunitoa hapo.

Samuel Colt alikuwa ameshafulia. Kiwanda chake cha kwanza, kule Paterson, New Jersey, kilianza 1836 na kufikia 1842 kilikuwa kimekufa. Rivolva za Paterson zilikuwa za risasi tano, na kifyatulio chake kinajificha ndani ya fremu. Ukivuta nyundo ndipo kinachomoza. Kitu cha kupendeza mkononi, ila laini kwa kazi ngumu. Ikaja vita ya Marekani na Mexico. Kapteni Samuel Walker, ambaye aliwahi kupigana na Paterson mkononi akiwa na kikosi cha Texas Rangers, akamwandikia Colt kuwa anataka kitu kikubwa zaidi, cha risasi sita. Colt alikuwa na oda, kiwanda hana. Kazi akaipeleka kwa Eli Whitney mdogo, Whitneyville, Connecticut. Mwaka 1847 zikatoka 1,000 za jeshi na kama 100 hivi za kuuzia raia. Basi.

Sasa ishike mkononi kwa mawazo. Kilo mbili na ushei, tupu. Mtutu inchi 9. Kila chemba, yaani tundu la risasi kwenye silinda, inameza hadi greini 60 za baruti nyeusi, huo ni mzigo wa bunduki, nani aliwaambia ni wa bastola? Chuma cha enzi zile kilizidiwa, silinda zikapasuka. Halafu ule mkono wa kushindilia risasi, ulio chini ya mtutu, haukuwa na kishikizo cha maana: ukifyatua, mrindimo unaudondosha, unaingia mbele ya silinda, silinda inagoma kuzunguka. Askari wakawa wanaufunga kwa ugwe wa ngozi. Walker mwenyewe aliuawa Huamantla, Oktoba 1847, muda mfupi baada ya pea yake kumfikia.

Kwa hiyo mnaona: zilitengenezwa chache, zilikuwa na kasoro, zikapelekwa vitani zikafia huko. Zilizobaki nyingi zimechakaa hadi maandishi hayasomeki. Ndiyo maana mwaka 2018, Walker moja ya kiraia iliyokuwa ndani ya kasha lake na vifaa vyake vyote, iliyonunuliwa zamani na nahodha wa meli wa Kidenmark, iliuzwa na Rock Island Auction kwa dola 1,840,000. Paterson nayo ilishafika dola 977,500 mwaka 2011 kwenye mnada wa Heritage, na yenyewe ilikuwa kwenye kasha.

Kanuni yangu ni moja, nimeishi nayo miaka: mkusanyaji hanunui silaha nzuri. Ananunua chuma ambacho hakijaguswa na karatasi zinazokisemea. Kama ubora wa kazi ndio ungepanga bei, Nagant ya 1895 ingekuwa juu kabisa. Silinda yake inasogea mbele kuubana mtutu ili moshi usivuje, ufundi wa ajabu, risasi saba, na bado ukiitaja mbele ya wakusanyaji wakubwa wanakuuliza kama umeleta na chai. Zilitengenezwa nyingi mno.

Natia nanga kwa sasa. Leteni maoni.

Msomaji_Kimya

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili. Mbona Peacemaker umeiruka? Mimi nilidhani hiyo ndiyo namba moja.

Halafu nina swali la pembeni. Babu mzaa mama, alikuwa baharia, alituachia rivolva ya Kiingereza, Webley Mark VI. Ipo kihalali, karatasi zote zipo. Imepauka, imekuwa kama rangi ya zambarau na kahawia. Niisugue?

Mzee_wa_Silinda

Marahaba mwanangu. Usiiguse! Weka chini hiyo pamba ya chuma, tutarudi kwako.

Peacemaker, yaani Colt Single Action Army ya 1873, sikuisahau. Tatizo ni kwamba za kizazi cha kwanza, hadi uzalishaji uliposimama karibu na 1941, zilipita 350,000. Kwa hiyo jina peke yake halina miujiza. Unachotafuta ni ipi kati ya hizo laki tatu na nusu.

Ya wapanda farasi wa jeshi, mtutu inchi 7½, herufi U.S. ubavuni mwa fremu, na herufi A ndogo kwenye vipande mbalimbali. Hiyo A ni ya mkaguzi Orville Ainsworth, aliyekagua zile za mwanzo mwanzo, 1873 na 1874. Rivolva za kikosi cha 7 cha wapanda farasi, kilichopigwa vibaya vitani Little Bighorn mwaka 1876, zilitoka kwenye mikono yake. Ndiyo sababu hiyo A moja, ndogo kuliko punje ya ufuta, inapandisha bei kuliko nakshi za dhahabu. Na ndiyo sababu matapeli wameigonga kwenye bastola kibao ambazo Ainsworth hakuwahi kuziona.

Kuna kitu kingine kinawachanganya wanaoanza. Tunafundishwa kwamba namba za fremu, silinda na mtutu lazima zifanane. Sawa. Lakini ile iitwayo Artillery, jeshi lilizirudisha za zamani kuanzia 1895, likakata mitutu hadi inchi 5½ na kuunga vipande bila kujali namba. Ukikuta Artillery nyingi, namba zimechanganyika, na huo mchanganyiko ndio uhalali wake. Jamaa mmoja niliyemfahamu aliikataa moja nzuri kabisa kwa sababu "namba hazilingani". Bado akiniona anabadilisha njia.

Halafu kuna za watu maarufu. Ile Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid usiku wa Julai 14, 1881, Fort Sumner, iliuzwa kwenye mnada wa Bonhams mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6. Kwa kuitazama tu, ni Colt iliyochoka.

Tupa_na_Msasa

Mzee, hapo kwenye pamba ya chuma umenigusa kidonda. Naomba nitubu hadharani.

Mimi ni fundi wa chuma kwa riziki. Miaka kadhaa iliyopita nikapata Colt Navy ya 1851, kaliba (upana wa risasi kwa inchi) .36, halali. Ilikuwa kahawia yote, inatia huruma, kama jembe lililosahaulika shambani. Nikasema hii nitaipa uhai. Siku mbili nzima: msasa mnene, msasa laini, gurudumu la kung'arishia, mafuta. Ikatoka kama kioo, unaweza kunyolea ndevu. Nikampelekea mzee mmoja anayezijua.

Aliipokea vizuri tu. Akaigeuza, akasogeza miwani, akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka silinda taratibu, mzunguko mzima, kama mtu anayetafuta mshono wa nguo. Kisha akaniuliza: "Meli ziko wapi?"

Nikamwambia meli gani mzee?

Kumbe kwenye silinda ya Navy kuna picha nzima, imeviringishwa kwenye chuma kwa muhuri: mapigano ya majini ya Campeche, Mei 16, 1843, kazi ya mchongaji Ormsby. Chini ya ule ukahawia picha ilikuwepo, imefifia lakini ipo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeizamisha ile meli, kwa msasa wangu. Mzee hakunigombeza. Akanirudishia, akaagiza kahawa, akaanza kuongea habari za mvua.

Mzee_wa_Silinda

Pole fundi. Nimecheka halafu nimeumia.

Kwa faida ya wengine: ukipewa bastola ya zamani inayong'aa, usiangalie mng'ao, angalia kingo. Chuma kilichotoka kiwandani kina kingo kali, pale bapa linapokutana na mviringo unaona mstari. Gurudumu la kung'arishia linakula kona kwanza, zinakuwa laini kama sabuni iliyotumika. Pili angalia matundu ya skrubu. Tundu la asili lina mdomo mkali, kichwa cha skrubu kinakaa sawasawa na uso wa chuma. Likipigwa msasa, mdomo unazama na kuwa kama kisosi, na skrubu inabaki imechomoza. Tatu, herufi. Herufi iliyogongwa kwenye chuma huacha kingo zilizoinuka kidogo sana; ukucha unazihisi hata jicho likizikosa. Zikiwa bapa kabisa, na upande mmoja hafifu kuliko mwingine, fundi ameshapita.

Ukahawia uliotulia kwa miaka 150 si uchafu. Hiyo ndiyo saini ya umri.

Bibi_Baruti

Hamjambo. Naona uzi mzima ni Colt, Colt, Colt, kama vile Smith & Wesson walikuwa wanatengeneza sufuria.

Niwakumbushe kwamba ni Smith & Wesson waliomfanya Colt abaki na teknolojia ya zamani miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1855 Rollin White alipata hataza, yaani haki ya ubunifu, ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja, ya kupokea risasi ya ganda kutokea nyuma. Smith & Wesson wakaichukua kwa makubaliano ya senti 25 kwa kila rivolva, na wakamwachia White mwenyewe mzigo wa kesi dhidi ya waigaji. Mjanja na mjanja zaidi. Mwaka 1857 wakatoa Model 1, kadude ka .22, risasi saba. Mpaka hataza ilipoisha 1869, wengine wote Marekani walilazimika kuendelea na baruti ya kumimina na fataki, au kutafuta njia za kuchepuka. Ile Peacemaker ya mzee imezaliwa 1873 kwa sababu hiyo hiyo.

Mnaotafuta ya kale, tafuteni Schofield yao ya 1875. Inakunjuka katikati, maganda yote yanatoka kwa mkupuo, na kufuli lake Meja Schofield alilihamishia kwenye fremu ili mpanda farasi alifungue kwa mkono mmoja. Zilikuwa kama 9,000 tu. Jeshi likaingia kwenye mkanganyiko: risasi za Schofield zilikuwa fupi, ziliingia kwenye Colt, lakini za Colt hazikuingia kwenye Schofield. Hebu fikiria unapelekewa sanduku lisilo lako katikati ya mapigano. Zikauzwa kama mabaki, na nyingine zikanunuliwa na kampuni ya usafirishaji ya Wells Fargo, mitutu ikakatwa hadi inchi 5. Herufi za Wells Fargo zinaongeza bei, na kwa hiyo zimegongwa na kila mwenye nyundo. Bila barua ya kuthibitisha, mimi silipi hata shilingi ya ziada.

Lakini mapenzi yangu hayako huko. Yako kwenye Registered Magnum yao ya 1935.

Hiyo ilikuwa nguo ya kushonesha. Unaandika kiwandani unataka mtutu wa urefu gani, kuanzia inchi 3½ hadi 8¾, kwa kupanda robo inchi; kilengeo cha mbele cha aina gani, mpini gani, ilengwe kwa risasi ipi na umbali upi. Fundi anakutengenezea moja, yako. Inapewa namba yake ya usajili, inaanza na REG, imegongwa ndani pale silinda inapobebwa, huioni mpaka uifungue. Ukituma kadi, unapata cheti chenye jina lako. Ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI. Bei ilikuwa dola 60, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na bado oda zikawazidi hadi wakaacha utaratibu huo mwaka 1939, baada ya kutengeneza kama 5,500. Leo yenye cheti chake na kasha lake ni kitu kingine, na isiyo na cheti ni kitu kingine. Bastola ile ile, wakuu. Kipande cha karatasi.

Mzee_wa_Silinda

Bi mkubwa nimekubali. Tena hapo ndipo unaponiunga mkono bila kutaka. Karatasi!

Niongezee: Jenerali Patton wa Marekani alikuwa na moja ya hizo Magnum, mtutu 3½, aliibeba pamoja na Colt yake ya 1873 aliyoinunua 1916. Mipini yote ya pembe za ndovu. Watu wakisema ni lulu alikuwa anakasirika. Na mnaoota mipini ya pembe, mjue sheria za biashara ya pembe zimebana sana, Uingereza hasa tangu sheria yao ya 2018. Bastola inaweza kuuzika kihalali, mpini wake usiuzike.

Kinubi

Jamani dunia si Marekani tu. Mnaijua Webley-Fosbery?

Ilitoka 1901, Birmingham. Mbuni wake ni Kanali George Fosbery, mwenye nishani ya ushujaa ya Victoria Cross. Ni rivolva inayojikoki yenyewe. Ukifyatua, sehemu yote ya juu, mtutu pamoja na silinda, inarudi nyuma kwenye reli juu ya mpini. Silinda imechongwa mifereji ya zigizaga, na kuna kijipini kwenye fremu kimeingia humo. Ikirudi nyuma, mfereji unaisukuma silinda nusu ya hatua. Ikienda mbele, nusu iliyobaki. Nyundo nayo imeshakokiwa. Ina hadi kitufe cha usalama, kitu ambacho kwenye rivolva hukioni. Ukiishika kwa mkono legevu inakataa, kwa sababu inahitaji mkono wako uwe ukuta. Hazikufika 5,000. Matope ya mahandaki ya 1914 hayakuipenda kabisa.

Sasa Mzee, naomba nikupinge. Umesema chuma ambacho hakijaguswa. Rivolva ya Lefaucheux ya milimita 7, ile ambayo inaaminika mchoraji Van Gogh alijipiga nayo Julai 1890 pale Auvers-sur-Oise, iliokotwa shambani na mkulima miaka ya 1960. Imeliwa na kutu yote, mpini wa mbao umeoza umeondoka. Mwaka 2019 Paris iliuzwa euro 162,500. Hapo hali nzuri iko wapi? Karatasi iko wapi? Na Lefaucheux za kawaida, zile zenye risasi iliyochomoza kijipini ubavuni, zimejaa Ulaya na si ghali hata kidogo.

Mzee_wa_Silinda

Umenishika pabaya. Nimezunguka chumba mara mbili kabla ya kukujibu.

Kuhusu karatasi, nakupinga kidogo. Linganisha na Lefaucheux nyingine, ya mshairi Verlaine, aliyompiga nayo mshairi mwenzake Rimbaud mkononi Brussels, Julai 10, 1873. Ile polisi waliichukua siku hiyo hiyo, kesi ikasikilizwa, Verlaine akafungwa. Mwaka 2016 Christie's Paris waliiuza euro 434,500. Ya Van Gogh ina neno "inaaminika", na soko limeliweka hilo neno kwenye bei.

Kuhusu kutu, nakubali. Ile ikisafishwa inakufa kabisa. Kwa hiyo labda kanuni yangu niiseme upya: isiguswe na *sisi*. Udongo umeigusa, sawa. Fundi asiiguse.

Tupa_na_Msasa

Naona kidole kimenielekea.

Msomaji_Kimya

Na zile za waasi wa Kusini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani? Niliona LeMat moja mtandaoni, ina mitutu miwili.

Kinubi

LeMat ni raha. Risasi tisa kwenye silinda, na katikati, pale silinda inapozungukia, kuna mtutu wa pili mnene wa kupiga marisau. Unageuza ulimi kwenye nyundo kuchagua. Daktari LeMat alikuwa New Orleans, lakini nyingi zilitengenezwa Ufaransa na zilipaswa kuvuka bahari chini ya vizuizi vya meli za Kaskazini. Chini ya 3,000 kwa makadirio ya kawaida.

Nyingine ni Griswold & Gunnison, Georgia, kama 3,700. Fremu yake ni shaba, kwa sababu Kusini chuma kilikuwa cha kutafuta kwa tochi. Kiwanda kilichomwa na askari wa Sherman, jenerali wa Kaskazini, Novemba 1864. Lakini hapa nakushauri usiingie bila mtu mzoefu. Kwenye kundi hili bandia ni nyingi kupita kiasi: nakala za kisasa za Italia hukwaruzwa namba na alama, huchovywa kwenye kemikali, halafu zinakuja na hadithi ya babu wa muuzaji.

Bibi_Baruti

Hadithi ya babu wa muuzaji ndiyo ghali kuliko bastola.

Kuhusu sheria, kwa sababu najua litaulizwa: Marekani, iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabika ya kale na masharti ya serikali kuu yanalegea. Uingereza wanaangalia zaidi kama risasi yake bado inapatikana. Kwingineko ni kwingineko, na nchi nyingi rivolva ya 1850 ni silaha kama silaha nyingine. Uliza kabla ya kutoa pesa, si baada. Na rivolva za enzi ya baruti nyeusi hazitiwi risasi za baruti ya kisasa, hata kama zinaingia.

Msomaji_Kimya

Nimewaelewa wakubwa. Python je? Wanangu wote wanaimba Python.

Mzee_wa_Silinda

Colt Python ya 1955 ni nzuri, ile buluu yake ukiitazama unaona kina kama kisima. Za mwaka wa kwanza zenye kasha zinatafutwa. Lakini imerudishwa kiwandani 2020, na mimi bado naiona kijana. Tuongee 2055.

Sasa Webley ya babu. Fanya hivi, ukihakikisha haina risasi: ifunge, iweke pembeni ya taa, tazama nafasi kati ya nyuma ya silinda na fremu. Mark VI ilitoka 1915, kaliba .455. Baada ya vita ziliuzwa nyingi Marekani, na kwa kuwa risasi za .455 zilikuwa adimu huko na zile za .45 ACP zimejaa, mafundi walizinyoa silinda kwa nyuma ili zipokee .45 ACP na vishikizo vyake. Ikiwa imenyolewa, nafasi itakuwa kubwa isivyo kawaida. Na usithubutu kuipiga hivyo, msukumo wa .45 ACP unaizidi.

Nyingine: kama iko ndani ya mkoba wa ngozi, itoe leo. Ngozi inashika unyevu na dawa zake zinakula chuma polepole. Mafuta mepesi, kitambaa cha pamba, mahali pakavu. Basi.

Msomaji_Kimya

Mzee nimerudi. Ilikuwa ndani ya mkoba, nimeitoa. Taa nimeiweka. Nafasi ni kubwa, kipande cha kadi ya kiberiti kinapita kikiwa kimekunjwa.

Ndani ya mkoba, chini kabisa, kulikuwa na stakabadhi imekunjwa mara nne. Namba iliyoandikwa ndiyo ya kwenye fremu. Bandari haisomeki vizuri. Jina la babu linasomeka.

Mzee_wa_Silinda

Basi imenyolewa, na bei ya soko imeshuka, sitakudanganya. Hiyo stakabadhi usiikunjue kwa nguvu na usiipige gundi ya plastiki. Iweke kwenye bahasha yake, mbali na mafuta.

Tupa_na_Msasa

Na mwenye kuhitaji kioo cha kunyolea, kaliba .36, meli hazimo, aje inbox.